Kitu Ukipewa, Kiweke Kwenye Meza ya Pasi

Wewe uliye karibu na mlango, hebu urudishe. Mwenye ofisi amekwenda mjini na hatarudi kabla ya adhuhuri, na leo nataka kusema mambo ambayo yeye akiwapo siyasemi. Kaeni vizuri. Anayetaka maji anywe sasa, maana nikianza sipendi watu kuinukainuka.

Naitwa Mishi. Kwetu ni Msambweni. Nimefanya kazi za nyumba za watu Saudia miaka kumi na sita, Jeddah kwanza, halafu Riyadh, nikarudi na magoti mabovu na mgongo ambao nikiinama unakataa kuinuka. Mmeambiwa mimi ndiye yule wa barua. Barua yenyewe ile pale ukutani nyuma yangu, kwenye fremu ya rangi ya dhahabu, imeandikwa kwa Kiarabu na mhuri chini. Kila kundi la wasichana wanaokwenda Uarabuni likija, mwenye ofisi huwaambia, huyu mama kakaa nyumba za Waarabu na hakikupotea hata kijiko. Halafu mnanipigia makofi. Leo naomba msipige.

Lakini tuanze na kazi, maana mmelipa mfundishwe kazi.

Hapa mnaonyeshwa mashine ya kufulia, mnaonyeshwa kukunja shuka, mnafundishwa kusema yalla na halas na mafi, yaani haya, basi, hakuna. Hayo utayajua wiki ya kwanza, ukitaka usitake. Msilofundishwa ni hili: ukiwa ndani ya nyumba ya mtu, chochote kikikosekana umekichukua wewe. Rimoti ikiingia chini ya kochi, umeiba wewe. Mtoto akisahau miwani shuleni, umeiba wewe. Nyumba yangu ya kwanza, mtaa wa Aziziya, niliwahi kuulizwa meno ya bandia ya baba wa nyumba. Meno, jamani! Mimi na yangu yote kinywani, tena mazima! Madam kanisimamisha jikoni, kanishika taya, ananiangalia mdomoni sijui alidhani nimeyavalia juu ya yangu. Yakaja kupatikana kwenye mfuko wa kanzu ya mwenyewe, yamezunguka na mashine yametoka meupe kuliko alivyoyanunua. Mnafikiri nilitakwa radhi? Niliambiwa, “Halas, Mishi, nenda kapike.” Nikaenda nikapika.

Kwa hiyo jifunzeni mapema. Sarafu ukiiona chini ya zulia, ifagie pembeni, iache palepale ilipo. Noti ukiikuta kwenye mfuko wa nguo kabla ya kufua, usiende nayo kwa madam peke yake, mwite na mtoto mkubwa aone unavyoitoa. Nyingine huwa zimewekwa makusudi, unatazamwa utafanya nini. Begi lako usilifunge kwa kufuli hata siku moja. Na siku ya kuondoka usingoje kupekuliwa. Wewe mwenyewe limwage begi katikati ya sebule, waite wote, kung'uta nguo mojamoja, hadi za ndani, uone haya wewe waone haya wao. Ukisubiri waombe, umeshachelewa.

Na kubwa kuliko yote ni meza ya pasi. Hili nalisema taratibu.

Alinifundisha Bi Rukia, mama wa Kiunguja aliyekuwa akipika kwenye harusi za watu, akikaa chumba kimoja Karantina, kule kusini wanakoishi Waafrika wengi wasio na kitu. Sisi tuliopata mapumziko ya Ijumaa tukienda kwake kunywa chai na kulia. Siku moja nikaja na mkoba mzuri, nikajitapa kwamba madam kanipa. Bi Rukia akauangalia bila kuushika.

“Kakupa mbele ya nani?”

“Mbele yangu, Bi Rukia. Si kanipa mimi?”

“Basi hajakupa. Mwanangu, kitu ukipewa usende nacho chumbani. Kiweke mezani unapopigia pasi. Kikae siku tatu. Bwana apite akione, bibi apite akione, watoto wakichezee. Siku ya nne, kama hapana aliyesema neno, ndo chako.”

Kwa nini meza ya pasi? Kwa sababu hakuna asiyefika pale. Baba anafuata kanzu yake asubuhi, watoto wanafuata sare, madam anafuata abaya. Nikaifuata sheria hiyo miaka yote. Nimepata hivyo mablanketi, viatu, manukato nusu chupa, vyote vililala kwanza kwenye ile meza. Nikawafundisha na wasichana waliokuja nyuma yangu. Mniulize ni nani aliyeishika sawasawa kuliko wote. Ni Nasimiyu.

Nasimiyu alikuwa wa kutoka Bungoma. Alikuja kwenye nyumba yangu ya pili, mtaa wa Rawdah, mtaa wa watu wenye nafasi, nyumba ina lifti. Mle ndani alikuwamo baba, alikuwamo madam, na alikuwamo mama yake baba, bibi kizee ambaye sote tulimwita Jida. Mimi ndiye nilikuwa nikimwogesha Jida, miaka miwili, mpaka mgongo ukaanza mambo yake. Ndipo wakaletewa Nasimiyu, awe mikono ya Jida, mimi nibaki na jikoni.

Msichana mwenyewe alikuwa mrefu, mkimya, ana kicheko cha kujiziba mdomo. Mama yake ndiye aliyekuwa akishika funguo za kanisa kijijini kwao. Hilo alilisema wiki ya kwanza, na alilisema kama wengine wanavyotaja baba yao ni chifu. “Mama yangu ndio hufungua na hufunga. Sadaka ikishahesabiwa inalala kwa nyumba yetu mpaka Jumatatu.” Mimi nikamcheka kidogo. Nikamwambia huku hakuna anayezijua funguo za mama yako, huku utajulikana kwa meza ya pasi. Akaishika. Hata ndizi akipewa na watoto alikwenda kuiweka pale! Baba akaja kuuliza kwa nini kuna ndizi imeoza juu ya kanzu zake.

Ilikuwa miaka ile mambo yanabadilika Saudia, na sitasema uongo, mengine yalibadilika kweli. Mshahara ukaanza kuingia kwenye kadi ya benki badala ya kuombwa kama sadaka. Wanawake wakaruhusiwa kuendesha gari. Madam wetu akachukua leseni, akanunuliwa gari jeupe, na siku alipolitoa getini kwa mara ya kwanza peke yake, mimi na Nasimiyu tulisimama pale tukapiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia. Madam alilia kwa furaha. Nakumbuka Nasimiyu aliniambia, “Mama Mishi, hawa nao walikuwa wamefungiwa kama sisi.” Nikamwambia anyamaze.

Kingine kilichokuja ni kamera. Zamani bosi akihesabu vijiko. Sasa akawa anatuangalia kwenye simu, yuko kazini anakuona umekaa. Alifunga getini, ukumbini, sebuleni, kwenye meza ya pasi. Sehemu mbili hakuweka. Chumbani kwa Jida, kwa sababu bibi anavuliwa nguo mle. Na jikoni, kwa sababu dada zake madam wakija hukaa humo na nywele wazi, na simu ya baba huenda ikaangaliwa na wanaume wenzake. Ni heshima yao, na mimi naielewa. Lakini yote ninayowasimulia sasa yalitokea sehemu hizo mbili.

Jida alikuwa na bangili sita nyembamba za dhahabu, za harusi yake. Alikuwa ameanza kusahau, anakuuliza jina lako mara tatu kwa saa, ila kitu kimoja hakusahau: aliyemwogesha kabla ya sala ya Ijumaa lazima apewe kitu. Ndivyo alivyolelewa. Mara halua, mara kitambaa, mara kichupa cha mafuta. Hivyo vyote nilikuwa navipeleka mezani. Halafu Ijumaa moja nimemaliza kumpaka mafuta, akachovya mkono kwenye maji ya sabuni, akavuta bangili moja ikatoka, akanivisha mimi.

“Yako,” akaniambia. “Mkono wangu ndio umekupa, si wao. Mke wa mwanangu usimwambie.”

Akili yake siku ile ilikuwa nzima. Nawaapia. Dhahabu ilikuwa yake na alijua anampa nani.

Sasa niambieni nyinyi, mngeiweka kwenye meza ya pasi? Mimi nilijua nikiiweka pale madam ataichukua kabla pasi haijapoa. Nikaitia kwenye kopo la maziwa ya unga, kopo nikalitia kwenye katoni yangu. Mtajua katoni: kila mmoja wetu ana moja chini ya kitanda, anajaza kidogokidogo mwaka mzima, sabuni, shuka, nguo za watoto, ikijaa inapelekwa kwa watu wa meli iende nyumbani. Yangu ikaenda. Dada yangu akaiuza bangili Mombasa, ikawa mlango wa chuma na nondo za madirisha za nyumba yangu. Madam alikuja kuona Jida kabaki na tano Nasimiyu ameshafika, akasema moja imedondoka Makka walipokwenda Umra. Akalia, akasahau.

Mwaka mmoja baadaye, Nasimiyu akaingia jikoni. Nilikuwa najaza wali kwenye mamumunye, mikono yote miwili imejaa. Akasogea karibu, akapandisha mkono wa gauni.

“Mama Mishi, ona. Jida amenipa. Aki mimi naogopa. Wacha niende niiweke pale kwa meza ya pasi, vile ulinifunza.”

Nataka mnisikilize hapa. Mtoto wa watu alikuja kufanya sawa. Alikuwa ameshageuka kuelekea mlangoni. Na mimi kwa muda ule mfupi nikaona yote: bangili mezani, madam anaiona, madam anakwenda kwa Jida anahesabu, zimebaki nne, anauliza Jida hutoa bangili tangu lini, na nani alikuwa akimwogesha kabla ya huyu.

“Simama,” nikamwambia. “Usiipeleke mezani. Itie kwenye katoni yako, ndani ya soksi. Na usimwambie mtu.”

“Lakini si wewe ulisema kila kitu...”

“Nasimiyu, nani mkubwa hapa?”

“Ni wewe, Mama Mishi.”

“Basi?”

Akashusha mkono wa gauni akaenda. Kamera ya ukumbini ikampiga picha anapita, ameshika mkono wake kwa mkono mwingine.

Haukupita mwezi. Ikawa harusi ya jamaa yao, madam akaingia kumpamba Jida, akatoka anapiga kelele. Zimebaki nne! Baba akarudi kutoka kazini bado jua liko juu. Nyumba zile, vijana, mahakama ni sebuleni. Polisi wapo na sheria ipo, lakini kesi husikilizwa kwanza pale kwenye makochi, na hakimu ni yule aliyekasirika. Alifungua picha za kamera kwenye televisheni kubwa, ile ya kuangalia mpira, tukasimama sote tukitazama Nasimiyu anatoka chumbani kwa Jida ameshika mkono. Akairudisha nyuma. Akairudisha tena.

“Mishi,” baba akasema, “wewe mkubwa. Kapekue chumba chenu.”

Nikafanywa askari. Nikaenda, madam nyuma yangu, Nasimiyu mlangoni. Na nikapekua, mimi ninayejua kitu kiko wapi! Nikainua godoro, nikatikisa mito, nikafungua kabati nikapapasa juu ya kabati, natoka jasho, namuomba Mungu madam achoke. Nasimiyu hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alikuwa ananitazama tu, anasubiri nimalize huo mchezo niseme. Madam akaipiga katoni teke.

“Na hii?”

Nikaifungua. Soksi nilizitoa mimi kwa mkono wangu. Bangili ikaanguka kwenye marumaru ikazunguka mpaka kwenye mguu wa madam.

“Haramiya!” Neno hilo huko ni mwizi mwanamke, mtalisikia.

Tukarudi sebuleni. Baba hakupiga kelele, alikuwa mtu wa kusema taratibu. “Moja hii. Ya pili, tuliyodhani imedondoka Makka, iko wapi?”

“Ya pili mimi sijui, baba. Jida alinipa hii moja tu, kwa mkono wake. Hata Mama Mishi anajua. Nilimwonyesha siku hiyohiyo, jikoni.”

Wote wakanigeukia. Baba akaniuliza, “Mishi, alikuonyesha?”

Nyumba yangu ilikuwa haijaezekwa. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine ya kuwapa. Ningesema ndiyo, wangeuliza kwa nini nilimwambia afiche. Ningesema Jida hutoa, wangeuliza alikupa na wewe? Nilijua kwamba nikifungua mdomo tunaweza kupona wote wawili, kwa sababu watu wawili wanaosema neno moja kuhusu bibi mmoja ni vigumu kuwakatalia. Nilijua pia tunaweza kwenda wote wawili. Nikachagua.

“Sijui, baba,” nikasema. “Mimi sijui kitu.”

Nasimiyu hakulia wala hakunitukana. Alisema “Mama Mishi?” kama unavyomwita mtu aliye chumba cha pili ukidhani hakukusikia. Basi.

Wakaenda kumuuliza Jida. Nilikuwa bado na tamaa na Jida. Bibi akaangalia mikono yake, akaangalia bangili, akauliza kama imeadhiniwa Alasiri.

Madam alimpeleka kituoni mwenyewe, kwa lile gari jeupe. Pale getini, palepale tulipopiga vigelegele, Nasimiyu akaomba ruhusa aseme nami neno moja. Nikadhani sasa nitasikia ya kusikia. Akasema, “Katoni yangu utanitumia? Shuka za mama ziko ndani.” Halafu akasema, “Nikirudi na hili jina, mama yangu atakaa wapi kanisani?” Nilikuwa naangalia viatu vyangu.

Huko kituoni, alivyotusimulia madam, aliulizwa anataka kesi au anataka msichana arudishwe kwao. Akachagua arudishwe. Alisema amemhurumia. Nasimiyu akatia kidole gumba kwenye karatasi, akapandishwa ndege bila kuonana na mtu, na mshahara wake uliobaki ukashikwa kwa ajili ya ile bangili ya pili. Nadhani mmeelewa. Mlango wangu wa chuma kaulipia Nasimiyu.

Jioni hiyohiyo, kabla hata sahani hazijaondolewa, madam akaniita mezani, akaandika karatasi, baba akaipiga mhuri wa ofisi yake. Akanisomea. Kwamba mimi ni amina, mwaminifu, kwamba niliisaidia familia kugundua mwizi ndani ya nyumba, kwamba yeyote atakayeniajiri asiogope. Akanikumbatia. Mkono wake ulikuwa unanukia udi.

Katoni niliituma. Sikutoa kitu, nikaongeza blanketi langu. Wiki kadhaa zikapita, ikaja sauti kwenye simu, nikaingia bafuni kuisikiliza. Nasimiyu. “Mama Mishi, vyote vimefika. Asante, na asante kwa blanketi. Najua uliogopa, mimi sina kinyongo. Hapa habari ilifika kabla yangu, wasichana wa huku waliiandika kwa simu. Mama alirudisha funguo za kanisa mwenyewe. Alisema hawezi kungojea kuulizwa.”

Alidhani niliogopa tu. Mpaka leo hajui kulikuwa na bangili yangu.

Nikaenda Karantina Ijumaa, maana nilikuwa sina pengine pa kwenda. Chumba kimejaa wanawake, wengine ni wa kwao Nasimiyu, habari wameshaipata. Bi Rukia akanimiminia chai.

“Mishi, weye ulimwogesha yule bibi miaka miwili. Hakukupa kitu?”

“Hakunipa.”

“Hata kimoja?”

“Halua tu, Bi Rukia. Na vitambaa.”

Pale kwake kila mtu akimaliza huosha kikombe chake, ndiyo desturi, hata awe mgonjwa. Nikainuka na changu. Akasema, “Kiache hapo, mgeni. Ntakiosha mimi.” Kesi yangu ikaishia hapo, na yeye hakuhitaji kamera. Sikurudi tena Karantina.

Ile barua ndiyo iliyonipeleka Riyadh. Madam wa huko aliisoma amesimama mlangoni na mabegi yangu bado yako chini, akanipa funguo za makabati yote siku ileile. Funguo nyingi, kwenye pete moja. Nilizibeba kiunoni miaka sita, zinalia kila nikitembea, na hakuna siku niliyozisikia nisimkumbuke mama wa watu wa Bungoma ambaye sijapata kumuona. Mara nyingine nilimwandikia madam wa Jeddah ujumbe mrefu wa kusema yote, nikaufuta. Halafu nikasikia Jida amefariki. Nikajidanganya kwamba basi, limekwisha naye.

Halikwisha. Nimerudi nyumbani, barua hii nikampa mwenye ofisi kwa ujinga wangu wa kutaka sifa, akaitundika, na sasa kila kundi linaambiwa liwe kama mimi. Wiki iliyopita msichana mmoja, yule pale wa leso ya manjano, aliniuliza, “Mama, ulifanyaje hata ukaaminiwa hivyo?” Nikampa jibu la meza ya pasi. Nikaenda nyumbani, nikashika komeo la mlango wangu, nikashindwa kuingia. Nilikaa kibarazani kama mgeni.

Basi leo nimekuja na kikapu. Barua hii naitoa ukutani sasa hivi. Nisaidieni hicho kiti. Fremu ni ya mwenye ofisi, namwachia hii hapa mezani. Karatasi ni yangu, ingawa akitaka kusema nimeiba ana haki, imekaa kwake muda mrefu na hakuna aliyeniona nikimpa.

Kesho napanda basi kwenda Bungoma. Namba ya Nasimiyu haipatikani siku hizi, lakini jina la kanisa ninalo, ndilo nililoliandika juu ya katoni yake kwa mkono wangu. Jumapili nitasimama mle ndani, mimi na buibui langu, niwasomee barua hii kwa Kiswahili, kisha niwaambie iliandikwa siku gani na kwa sababu gani. Huenda mama yake hayupo tena. Huenda wakanifukuza, na wakinifukuza ni sawa. Lakini funguo zile nitazisemea mbele ya watu waliozipokea.

Mwenye ofisi akirudi ataona msumari mtupu. Atakasirika, atawasimamisha mstari, atauliza mmojammoja nani ameichukua. Nawaomba kitu kimoja tu, na ndilo somo lote nililokuja nalo. Msimwambie hamjui. Mmeniona.